Stelingi Aliyekatazwa Kufa

Haya, mliokaa wiki nzima roho juu, shusheni pumzi.

Tulimwacha Tejpal Sodhi, stelingi ambaye Bombay nzima inamwita Teji, kalala chali mbele ya mlango wa chuma, shati limelowa damu ya rangi. Mwongozaji wake, Kumudini Kelkar, alikuwa ameshapiga kelele "Kata!" kwa mara ya tatu. Teji haamki. Hata kope hazitikisiki.

Kumud alitupa kando karatasi zake akapiga magoti.

"Teji! Kaka Teji!"

Taa za studio zilikuwa zinanguruma juu, na mafundi wote wamesimama kama waliopigwa misumari.

Nyuma ya kamera, Tajiri Mirpuri, mwenye fedha za filamu hiyo, akajishika kichwa. "Nimekwisha, jamani! Anafanya filamu ngapi mjini hapa? Lazima afie kwenye yangu?"

"Nyamaza basi, Tajiri, nimsikilize moyo."

Kumud akaweka sikio kifuani. Moyo ulikuwa unapiga, tena bila wasiwasi wowote. Na juu yake ilisikika sauti nyingine, nzito, ikitoka puani taratibu.

"Anakoroma," Kumud akasema.

"Anafanyaje?"

"Amelala, Tajiri. Mtu kalala usingizi!"

Msishangae. Teji alikuwa na zamu tatu kwa siku. Asubuhi ni afisa wa polisi kwa mwongozaji mmoja, mchana ni mwana wa mfalme kwa mwingine, na jioni ndipo anakuja kwa Kumud kuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Siku hiyo alitoka kucheza wimbo mzima kwenye mvua ya bomba, kisha akaletwa hapa akaambiwa: lala chini, fumba macho, usitikisike. Nani angekataa?

Kumud alinyoosha mkono amwamshe. Mkono mwingine ukamdaka. Ulikuwa wa Mzee Soli, mpiga picha wake, Mparsi mwenye kofia ya turubai na maneno machache.

"Mwache. Kamera ilikuwa inazunguka muda wote."

"Imepata?"

"Binti yangu, mimi nimewapiga picha mastaa wakifa tangu picha hazina rangi. Wote wanakufa wamebana matumbo ili waonekane wembamba. Huyu kalegea mpaka kidevu. Hiki ndicho kifo. Hutakipata tena."

Kumud alisimama, na furaha ikampanda mpaka akashindwa kuificha. Amekipata! Mwisho wa filamu yake ameupata!

Na mwisho huo ndio uliokuwa maisha yake. Kwa miaka mingi alikuwa mezani akikata na kuunganisha filamu za wanaume, na sifa zikaenda kwao. Alipopewa yake ya kwanza, watazamaji walitoka kabla ya mapumziko. Ya pili haikutoka kabisa kwenye kopo la mkanda wake. Hii ya tatu ilimhusu kijana wa kiwandani ambaye moto ulipozuka aliuzuia mlango wa chuma kwa mgongo wake, wenzake wakatoka, yeye akabaki. Mirpuri alishamwambia waziwazi: ikianguka na hii, mama, rudi kwenye mkasi wako.

"Chai kwa wote!" Kumud akapaza sauti. "Na mtu asimguse Teji!"

Chai haikunyweka.

Ukelele ulitoka nyuma ya pazia, kule ilikojengwa seti ya kesho. Ulikuwa ukelele wa mwanamke, ukafuatwa na mlio wa vyombo vya bati vikitawanyika sakafuni.

"Mungu wangu," Mirpuri akasema, rangi ikimtoka. "Biji."

Jina lake halisi hakuna aliyelijua pale studio. Teji alimwita Biji kwa sababu ni mama yake, na wengine wote wakamwita Biji kwa sababu walimwogopa. Yeye ndiye aliyeshika tarehe za mwanawe. Ukimtaka Teji, unamwomba Biji; Biji akikununia, utamwona Teji kwenye mabango tu kama watu wengine. Na kila jioni alimletea mwanawe chakula mwenyewe, kwa sababu chakula cha studio alikiita "maji ya kuoshea vyombo".

Jioni hiyo aliingia kwa mlango wa nyuma. Na huko nyuma, fundi wa mapambo aitwaye Dattu alikuwa amemaliza kutengeneza chumba cha marehemu kwa ajili ya kesho. Ukutani kaweka picha kubwa ya Teji, anacheka na meno yote. Mbele yake kawasha udi. Na picha yenyewe kaivisha shada zito la maua ya manjano, kama zinavyovishwa picha za wale ambao hawatarudi tena nyumbani.

Biji alikuwa amelishika shada hilo kwa mikono miwili, analichana.

"Nani kamvisha mwanangu maua? Nani?"

"Biji, ni la kuigiza tu," Dattu akajitetea.

"Kamvishe baba yako la kuigiza!"

"Baba yangu analo la kweli, Biji."

Biji alimpita bila kumjibu. Akavuka pazia, akatokea kwenye taa kali, na alichokiona pale mnakijua: mwanawe kalala chali, damu kifuani, watu wamemzunguka na vikombe vya chai.

Hakuzimia. Wanawake walioianza dunia upya baada ya nchi kukatwa vipande viwili, India na Pakistani, hawazimii ovyo. Alitembea moja kwa moja, akainama, akamzaba Teji kofi ambalo Mzee Soli baadaye aliapa kwamba lilitikisa lenzi.

Teji akafumbua macho. "Biji! Umeleta zile chapati za figili?"

Hakuna aliyethubutu kucheka. Biji alimpapasa mwanawe uso, mabega, mbavu, kama anayekagua embe sokoni. Aliporidhika kwamba yu mzima, akageuka.

"Wewe binti. Kwenye filamu hii mwanangu anafanywa nini?"

"Anakufa, Biji," Kumud akajibu.

"Wapi?"

"Mwishoni."

"Basi hata mwishoni hafi."

"Biji, hadithi yote inakwenda huko. Nilimsimulia Teji mwenyewe, chumbani kwake, filamu nzima. Akakubali."

Macho yote yakamgeukia Teji. Teji akajikuna kichwa, tabasamu lile linalowaua wasichana wa Bombay likiwa limepungua sana.

"Dada Kumud, mimi nilikusikia mpaka kwenye wimbo wa kwanza. Kisha nikashtuka unaniuliza, 'Umeonaje?' Nikasema nzuri sana."

"Ulikuwa umelala?"

"Nilikuwa nimevaa miwani ya jua, Dada. Wewe ungejuaje?"

Biji akamshika mwanawe mkono kama mtoto anayevushwa barabara. "Sikiliza, binti. Mkanda uliopiga leo uchomwe. Usipochomwa, Teji hakanyagi chumba cha sauti."

Hapo alikuwa amepiga penyewe. Bombay sauti hutiwa baadaye: mwigizaji anasimama gizani, anajitazama kwenye pazia la sinema na kusema maneno yake upya. Teji asipokuja, filamu ya Kumud itakuwa ya bubu.

"Tajiri, sema neno basi!" Kumud akamgeukia Mirpuri.

Mirpuri alikuwa ameshahama zamani. Alisimama nyuma ya Biji na chapati ya figili mkononi, aliyoiokota ikiwa salama ndani ya kopo lake.

"Dada Kumud, mimi nilikuambia toka mwanzo. Stelingi hafi! Wenye sinema wa Delhi hawanunui stelingi aliyekufa. Tufanye hivi: anaungua kidogo, anapelekwa hospitali. Mama anakimbilia hekaluni. Kengele zinalia zenyewe! Daktari anavua miwani, anasema, 'Muujiza!' Teji anafumbua jicho moja, kisha la pili. Wimbo!"

"Tajiri, huo ni uongo."

"Ni uongo mzuri! Kesho ndiyo tarehe ya mwisho ya Teji. Piga hospitali. Hupigi, nina mtu atakayepiga, na jina lako nitaliweka dogo pale chini, kwa hisani."

Akaondoka akitafuna.

Watu walipotawanyika, Kumud alikaa kwenye sanduku la nyaya, machozi ya hasira yakimtoka. Mzee Soli alikuwa anafunika lenzi zake moja moja, na hakuwa na haraka.

"Umekosea jambo dogo sana, binti."

"Lipi? Kuzaliwa mwanamke?"

"Umemsimulia asiyeshika tarehe. Mwenye tarehe ulimsimulia lini?"

Ni kweli. Kila mwongozaji wa Bombay anajua kwamba filamu hupigwa kwanza kwa mdomo. Unakaa mbele ya mkubwa, unaiigiza yote mwanzo hadi mwisho, na nyimbo unaimba, na ngurumo unapiga wewe. Akikubali, una filamu. Na yeye Kumud, na ujuzi wake wote, alimwimbia nyimbo zote nne mtu aliyelala nyuma ya miwani ya jua.

Asubuhi na mapema Kumud alikuwa Juhu, mtaa wa mastaa, mlangoni kwa akina Sodhi.

Alimkuta Biji jikoni, mikono imezama kwenye unga. Teji alikuwa bado amelala ghorofani. Hilo halikumshangaza mtu.

"Nimekwisha sema," Biji akasema bila kuinua kichwa. "Usije kunililia hapa."

Kumud aliinama akamgusa miguu kwa heshima. "Sikuja kulia, Biji. Nimekuja kusimulia."

Biji akasita. Nyumba inayokula kwa filamu haimfukuzi msimuliaji mlangoni, iwe iwavyo. Akavuta kiti kwa mguu.

"Haya. Lakini mkate haungoji mtu. Utasema huku nikikanda."

Kumud akaanza. Alipiga king'ora cha kiwanda kwa midomo, mpaka mbwa wa jirani akajibu. Akawa mvua ya Julai kwenye mapaa ya mabati ya Parel, mtaa wa viwanda vya nguo. Akawa msimamizi mwenye kitambi, akawa kijana anayeruka madimbwi na kopo la chakula. Alipoufikia wimbo wa kwanza aliuimba, na sauti yake si ya kuimbia watu, lakini aliuimba.

"Huyo msichana wake simtaki," Biji akakata. "Anacheka sana."

"Ni mchumba wake, Biji."

"Apunguze. Endelea."

Dereva alisogea mlangoni. Mfua nguo akaweka furushi chini akasimama naye. Kwenye mapumziko ya filamu, pale msimamizi anapofunga milango ya nyuma ili watu wasitoroke zamu, mfua nguo alitoa tusi zito, na Biji akasema, "Hasa."

Kisha moto. Kumud hakuupigia sauti. Aliusema tu.

"Mlango ni mmoja, wa chuma, mzito, na ukiachiwa unajifunga. Kijana anauzuia kwa mgongo. Wenzake wanapita chini ya mkono wake, mmoja mmoja. Wa mwisho anamwambia, twende. Anamjibu, wewe tangulia."

Mikono ya Biji ikasimama.

"Auachie atoke naye."

"Akiuachia unafunga, Biji. Na ndani bado anasikia sauti."

"Aweke gogo."

"Hakuna gogo."

"Aweke kiti, basi! Kiwanda kizima hakina hata kiti?"

"Hakikuwa na kiti," Kumud akasema. "Niliwauliza wote waliotoka. Hakikuwa na kiti."

Biji akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Ni nani huyo kijana?"

"Kaka yangu. Madhukar. Mimi nilikuwa bado nasoma shule."

Dereva akainamisha kichwa. Mfua nguo akaokota furushi lake, kisha akaliweka tena chini.

"Na mama yake yuko wapi?" Biji akauliza.

"Mama yetu yupo, anaishi na..."

"Kwenye filamu yako. Kijana kafa mlangoni. Mama yake yuko wapi?"

"Yupo asubuhi. Anampa chai kabla hajatoka."

"Unamuua mtoto, mama unamwacha na birika?"

"Sikuweza, Biji. Kila nikikaa niandike mama anafika pale, mkono unakataa. Mama alimwita Madhukar mpaka sauti ikakauka. Mimi nilikuwepo. Sijui mtu anaambiwaje aigize hivyo."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Biji alinawa mikono, akaikausha kwenye mtandio wake, akachukua muda mrefu kuliko inavyohitaji mikono kukauka.

"Kabla ya Teji nilikuwa na mwingine. Gurnam. Tulipokuwa tunavuka kuja huku, mwaka ule nchi ilipokatwa, alishikwa na homa njiani. Nikamweka chini ya mti nimpe maji, nikamwita, hakuamka. Msafara haukusimama. Walinivuta. Hata kumlilia sikumlilia, maana aliyelia alibaki nyuma. Ndiyo maana huyu simruhusu. Hata kwa mchezo."

Kumud akamsogezea bakuli la unga.

Biji akarudi kwenye unga. Akaupiga konde.

"Mkanda wako hauchomwi," akasema. "Lakini mama atafika pale mlangoni. Na mama ni mimi."

"Biji! Hujawahi kusimama mbele ya kamera."

"Na nani kakuambia nitaigiza?"

Mirpuri alipoambiwa, alikaa chini kwenye ngazi za studio. "Mama wa Teji? Na yule mwigizaji niliyemlipa kwa ajili ya kulia hekaluni? Mwambie haiwezekani."

"Mwambie wewe, Tajiri."

"Mimi? Mimi nina shinikizo la damu." Akafikiri. Uso ukaanza kumwangaza kidogo kidogo. "Ngoja. Mama wa kweli, mwana wa kweli... Kwenye bango tunaandika hivyohivyo! Herufi nyekundu! Dada Kumud, kwa nini hukuniambia mapema?"

Jioni hiyo studio ilijaa. Walikuja mpaka mafundi wa seti za jirani. Dattu, kwa usalama wake, alikuwa ameficha kila ua lililokuwa ndani ya jengo. Teji, aliyelala vizuri mara ya kwanza tangu sikukuu ya Diwali, alilazwa mahali pake na masizi usoni, na sasa kazi ikawa kumzuia asicheke.

Biji alikataa poda, na sari ya stoo ya mavazi akaikataa pia. Alisimama nje ya mwanga na nguo zake za nyumbani, champali miguuni.

"Mkanda uliobaki ni wa mara moja," Mzee Soli akanong'ona. "Ukiharibika, hakuna mwingine."

Kumud akamsogelea Biji. "Unaingia. Unamwona. Unakaa naye. Basi."

"Usinifundishe."

Taa. Sauti zikakatwa. Kamera ikaanza kuzunguka.

Biji aliingia kwa haraka ya mtu aliyeitwa kutoka jikoni. Akamwona. Hakupiga kelele, alipunguza mwendo, hatua kwa hatua, kana kwamba asipofika haitakuwa kweli. Kisha akakaa chini, akapakata kichwa cha mwanawe, akaanza kumfuta masizi kwa ncha ya mtandio. Paji la uso. Shavu. Nyuma ya masikio, kama anavyooshwa mtoto.

Akalia. Kilikuwa kilio kilichongoja zaidi ya miaka thelathini. Fundi wa taa aligeukia ukuta. Mirpuri alikuwa anajifuta kwa tai yake. Kumud hakujifuta kitu. Machozi yalimtoka na aliyaacha, kwa sababu hii ndiyo aliyoshindwa kuiandika, na ilikuwa pale mbele yake, kamili, na kamera inaichukua.

Ikatosha. Kumud akafungua mdomo aseme "Kata".

"Amka," Biji akasema.

Hilo halikuwemo.

"Amka, mwanangu. Msafara unaondoka. Amka twende."

Na Teji, ambaye tangu azaliwe hajawahi kumkatalia mama yake jambo, akafumbua macho. Akakaa. Akamkumbatia mama yake kwa mikono miwili, naye analia kweli, masizi na machozi vimechanganyika, na Biji anacheka na kulia na kumbusu kichwani.

Studio ililipuka. Makofi, miluzi, watu wanakumbatiana. Mirpuri aliruka juu ya kiti. "Hospitali ya nini? Kengele za nini? Mama kamwamsha! Hii itakaa kwenye majumba ya sinema mwaka mzima! Dada Kumud, wewe ni mwongozaji! Nilisema toka mwanzo!"

Kumud hakusogea. Miguu yake ilitaka kukimbia ikawakumbatie na yeye. Kwa muda alikuwa amemwona Madhukar akikaa, akijipangusa suruali, akimuuliza kama chai ipo. Alikuwa ameomba hilo utoto wake wote, na sasa amepewa. Aliache tu. Filamu itapendwa, Biji atakuwa na furaha, meza ya kukatia mikanda hataiona tena. Nani atalalamika?

Lakini kule Parel, siku ya kwanza ya filamu, mama yake atakuwa amekaa kwenye kiti cha mbele. Atamwona mama wa kwenye pazia akiita mara mbili na mwana akiamka. Yeye aliita mpaka sauti ikakauka. Je, yeye hakuita vizuri?

"Binti," Mzee Soli akasema polepole, jicho likiwa bado kwenye kamera. "Mkanda unakwisha. Nikate?"

"Usikate."

Kumud akavuka mstari wa taa, mpaka ukingoni mwa picha.

"Teji," akasema. "Kaka. Rudi ulale."

Makofi yakafa. Mirpuri alibaki juu ya kiti, mikono hewani.

Biji aligeuza kichwa taratibu. Macho yalikuwa mekundu, na ndani yake hamkuwa na mchezo wowote.

"Umesemaje?"

"Arudi alale, Biji. Wa kwetu hawakuamka. Si wako, si wangu."

Biji akamwachia mwanawe. Akasimama. Bila kuondoa macho kwa Kumud, akainua mguu mmoja, akashusha mkono, akavua champali.

Teji akamtazama mama yake. Akamtazama mwongozaji. Kisha akaegemeza kiwiko chini, akajinyoosha mbele ya mlango wa chuma, jicho moja likiwa bado kwenye ile champali, halafu akalifumba na hilo.

Biji alisimama juu yake, champali imeinuliwa, kamera inazunguka, na hakuna aliyejua itatua kwa nani.